Dondoo muhimu: Kagua mashine ya michezo ya mkononi kabla ya kulipa

Uvira, umeme wa SNEL hukatika mara kwa mara, na mashine nyingi huuzwa zikiwa zimeshatumika. Usitoe dola zako kabla ya kuangalia haya:

• Betri. Fungua mfuniko wa nyuma. Betri iliyovimba, iache. Mashine ndogo za bei nafuu zenye michezo 400 kwa kawaida hutumia betri ya BL-5C, ileile ya Nokia 1100, hivyo kupata nyingine si kazi.

• Chaji. PSP, iliyotoka Japani Desemba 2004, huchajiwa kwa volti 5. Tafuta waya wa USB wenye ncha ya duara, uichaji kwa sola. Nintendo Switch Lite ya 2019 hutumia USB-C, kama simu nyingi za sasa.

• Kadi. PSP husoma Memory Stick Duo. Kadi ya microSD inahitaji adapta. PSP Go hutumia kadi ya M2, na haina mahali pa diski.

• Vitufe. Bonyeza kimoja kimoja. Mchanga wa ufukweni hukwamisha vitufe. Achia kijiti cha kuelekezea: mchezaji akiendelea kutembea kwenye kioo, kijiti kimechoka.

• Kioo. Toka nayo juani uone kama picha inasomeka. Kisha weka picha nyeupe, utafute madoa.

• Fundi. Muulize fundi simu wa mtaa wako kama ana vipuri vya mashine hiyo. Mashine isiyo na vipuri ni hasara, hata ikiuzwa rahisi.