Mkate Kwanza, au Sauti Kwanza?

Somo la ushirika wa nyumbani
Maandiko: Mwanzo 47:13-26, Kutoka 1:8-14, Nehemia 5:1-15

Somo la wiki hii limetokana na mabishano. Katika ushirika wetu, ndugu mmoja mwenye duka la simu alisema jambo ambalo wengi wetu hulisema kimoyomoyo: "Haki hailiwi. Nipeni nchi yenye kazi na biashara, hayo mengine mtanieleza nikishashiba." Si mtu wa kubezwa huyu. Maandamano ya 2024 yalipopita mtaani, duka lake lilivunjwa, simu zikabebwa, na mkopo wa bidhaa hizo anaulipa mpaka leo. Kijana wa kwaya aliyekuwa akibishana naye aliandamana siku hizo hizo. Siku ile ya mabishano waliondoka bila kupeana mkono. Basi tufungue Biblia.

Mwanzo 47 huwa tunaipita haraka kwa sababu shujaa wake ni Yusufu. Hebu tuisome polepole. Watu wanaleta fedha, wanapewa nafaka. Fedha zinaisha. Wanaleta farasi, kondoo, ng'ombe na punda, wanapewa nafaka. Mifugo inaisha. Mwaka unaofuata wanarudi na vitu viwili tu walivyobakiwa navyo, yaani mashamba na miili yao, na ni wao wenyewe wanaoomba wanunuliwe ili wasife. Mstari wa 25 unaonyesha hata wanashukuru! Na nafaka yenyewe ilitoka wapi? Sura ya 41 inasema ilikuwa sehemu ya tano ya mavuno ya nchi katika ile miaka saba ya shibe. Wananunua kwa uhuru wao kitu walichokilima wao.

Msingoje nimlaumu Yusufu. Aliokoa maisha ya watu, na mwenye njaa hana nafasi ya kukaa akisoma sheria. Hapo ndugu yetu wa duka ana hoja, na Katiba yetu ya 2010 inakubaliana naye: kifungu cha 43 kinahesabu kuwa haki mtu asikae njaa, apate maji safi, makao na matibabu. Waliotunga Katiba hawakutenganisha sufuria na sauti.

Lakini geuza kurasa chache. Kutoka 1:8, anainuka mfalme asiyemjua Yusufu. Ghala lipo. Ardhi ni ya Farao. Watu wameshazoea kwamba neno la Farao ndilo la mwisho. Yule mwema ameshazikwa, na mamlaka yote aliyoyakusanyia kiti kile yanarithiwa na mtu anayeua watoto wachanga. Waisraeli wanatumikishwa kujenga Pithomu na Ramesesi, na soma vizuri miji hiyo ilikuwa ya nini: ya kuweka akiba. Uchumi wa Misri ulikuwa haujalala hata kidogo!

Na wachungaji wenzangu, msiruke Mwanzo 47:22. Ardhi ya makuhani peke yao haikununuliwa, kwa sababu walikuwa wakipata posho kwa Farao. Sisi tunaopokea bahasha za wanasiasa kwenye harambee tuukae mstari huo kidogo.

Ndugu yetu alitaja Singapore, kama Wakenya wote tunavyofanya mjadala huu ukianza. Kweli, Singapore ilitajirika chini ya mkono mgumu, na China imewatoa mamilioni ya watu katika umaskini bila kuwapa uhuru wa kuikosoa serikali. Siwezi kusimama hapa nikakana hayo. Lakini Zaire nayo ilikuwa na mkono mgumu, wa Mobutu, miaka 32, na mali ilikuwa chini ya ardhi yao tele. Ukishampa mtu kila kitu, akigeuka kuwa Mobutu utamwambia nini, na kwa mdomo gani?

Sisi wenyewe tulijaribu kunyamaza. Juni 1982 sheria ilifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, na kifungu hicho, 2A, hakikuondolewa mpaka Desemba 1991. Waliotoa sauti walijua njia ya vyumba vya chini vya Nyayo House. Je, kimya hicho kilitupa uchumi? Kashfa ya Goldenberg ilianza tukiwa bado na chama kimoja. Kampuni ililipwa na serikali zawadi ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyo na migodi ya almasi. Aliyeona hesabu haziendi ni karani wa Benki Kuu, David Munyakei. Alitoa nakala za karatasi zile, zikafika kwa wabunge wa upinzani, nao wakalitoa jambo hilo Bungeni mwaka wa 1993. Miaka miwili nyuma wabunge wa upinzani hawakuwepo, kwa hiyo karatasi zile zingepelekwa kwa nani? Munyakei alikamatwa, akafukuzwa kazi, asirudishwe tena. Mwaka huo huo mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Wazee wetu mnakumbuka mlivyoingia dukani na noti ile ile mkatoka na unga kidogo kuliko wa mwezi uliopita. Wizi usioulizwa ulilipwa na jikoni zenu.

Sasa njooni 2024. Mswada wa Fedha ulitaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Mkate, wapendwa! Pendekezo hilo liliondolewa Juni 18, siku vijana walipoingia barabarani Nairobi, na Juni 26 Rais Ruto akakataa kutia sahihi mswada mzima. Siku moja kabla, vijana walikuwa wamepigwa risasi karibu na Bunge, wengine wakafa. Kifungu cha 37 kilikuwa kimewaruhusu kukusanyika kwa amani, bila silaha. Ukila mkate wa bei ya kawaida asubuhi, ujue haki ilipita hapo mezani.

Nehemia 5 inaanza na kilio. Watu na wake zao wanasema wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa wailipe kodi ya mfalme, na binti zao wametiwa utumwani. Nehemia hakuwaambia wajenge ukuta kwanza, kelele baadaye. Alikasirika, akafikiri, akawakemea wakuu mbele ya mkutano mkubwa, mashamba na riba vikarudishwa. Yeye mwenyewe, miaka 12, hakula posho ya liwali.

Kijana wetu, angalia pia kifungu cha 40. Kinalinda mali ya mtu. Waliovunja lile duka hawakuwa wakidai haki, walikuwa wakimnyang'anya ndugu yako ya kwake. Na wewe ndugu yetu wa duka, unasema haki hailiwi, lakini kitu ulichoporwa usiku ule kilikuwa haki yako, na bado unailipia benki kila mwezi.

Alhamisi tukikutana, tusome Nehemia 5:10-13 na tujibu swali moja: ushirika wetu unaweza kurudisha nini kwenye duka lile? Kijana wa kwaya ameombwa aongoze mjadala.