MAKAA KATIKA UDONGO: SI CHAKULA, NI GHALA



Mzee mmoja wa skimu upande wa Mweiga alifika ofisini kwetu akauliza: "Mwalimu, pale palipokuwa na tanuri la makaa zamani, mahindi yangu hupita mengine yote kwa kimo. Je, nitie makaa shamba zima?" Nilimwomba aketi kwanza, kwa maana swali hilo mimi mwenyewe niliwahi kulikosea.

Kuni zikiungua penye hewa nyingi, hubaki majivu tu. Zikifunikwa zikose hewa, maji na gesi hutoka, nayo kaboni hubaki. Chembe zake hushikana sita sita kama pete, na pete hushikana kama wavu. Vijidudu vya udongo humaliza mabua ya mahindi upesi, lakini wavu huo huwashinda. Ndiyo sababu makaa hukaa ardhini mamia ya miaka. Katika bonde la Amazon, huko Brazili, wenyeji wa kale walitia makaa, mifupa na takataka za jikoni katika udongo, na mpaka leo udongo huo ni mweusi wenye rutuba.

Kipande cha kaa kina matundu mengi madogo. Kadiri kinavyokaa ardhini, oksijeni hushika kingo zake, na kingo hizo hupata nguvu ya kushikilia kalsiamu, potasiamu na amonia, ambazo mvua ingezichukua. Basi makaa ni ghala. Lakini ghala tupu halimshibishi mtu. Mimi nilitia makaa mapya, makavu, katika kitalu cha sukuma wiki, na majani yakageuka manjano: makaa yaliinyonya naitrojeni kabla ya miche kuipata.

Na lile tanuri la mzee? Hapo majivu pia yalifanya kazi. Udongo wetu mwekundu una asidi, na chuma na alumini yake hufunga fosforasi. Majivu hupunguza asidi hiyo. Lakini mwenye chai huko Othaya asiyatie, maana chai hupenda asidi.

Huko Nandi majaribio yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kwamba katika mashamba yaliyochoka sana, yaliyotiwa makaa pamoja na mbolea ya dukani, mahindi yalipanda kutoka tani 3 hivi kwa hekta hadi 6 hivi. Katika mashamba mapya faida ilikuwa ndogo.

Sasa mboji. Chuoni tulifundishwa kwamba mboji ni kitu kimoja kigumu, asidi ya humiki, kisichooza kwa urahisi. Mwaka 2015 wataalamu Johannes Lehmann na Markus Kleber waliandika katika jarida la Nature kwamba sivyo. Asidi ile hupatikana udongo ukitiwa dawa kali kama magadi ya sabuni. Shambani kuna mabaki ya majani na vijidudu yanayoendelea kuoza, mengine yameng'ang'ania mfinyanzi. Maana yake ni kwamba mboji huliwa kila siku, na usipoirudishia huisha. Chupa ya humiki ya dukani, ambayo mara nyingi hutokana na makaa ya mawe, haiwezi kushika mahali pa mikokoteni kumi ya samadi.

Usikate mti kwa ajili ya kazi hii. Chukua chenga zinazobaki chini ya magunia ya wauza makaa, kama pale Karatina. Huko Embu kina mama wametumia majiko ya kuni yanayopika na kuacha makaa. Hayo pia yafaa. Yamwagie maji kwanza, yasikutie vumbi kifuani wala kuficha moto, kisha uyaponde yawe kama punje za mahindi. Yatandaze bandani chini ya ng'ombe yanywe mkojo, halafu changanya debe moja na madebe manne ya samadi, ufunike miezi miwili. Tia katika mashimo ya kupandia.

Mzee alianza na mistari mitano, na mitano ya jirani akaipa samadi peke yake. Fanya hivyo nawe, na wakati wa kuvuna upime kila upande kwa debe lile lile.