Kupona kwa Kidonda si Kupona kwa Maradhi

Yako maradhi ambayo watu huyasitiri kwa haya mpaka yakawaangamiza. Miongoni mwayo ni kaswende, nayo twataka kuibainisha hapa, kwani hadaa yake ni kubwa.

Mwanzo wake ni kidonda kigumu kisichouma, hutokea utupuni au mdomoni, aghalabu wiki 3 baada ya maingiliano. Kikisha kukaa wiki 3 hata 6 hufunga chenyewe pasi na dawa, na mwenyewe hudhani amepona. Kumbe maradhi yamo damuni. Baadaye huenda akatokwa na vipele visivyowasha, hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka. Kisha maradhi hunyamaa miaka mingi, na mwisho huweza kuharibu moyo, ubongo na macho.

Basi kukosa dalili si hoja ya uzima. Mwenye kubainisha ni kipimo cha damu. Aliye na shaka na aende kwa tabibu, na mwenziwe apimwe pia, kwani akitibiwa mmoja tu huambukizwa tena. Mja mzito na apimwe mapema: maradhi haya humfikia mtoto tumboni, naye huweza kuzaliwa mfu. Dawa ipo, nayo ni sindano ya penisilini.

Atasema msemaji: “Nikionekana hospitali, watu watasemaje?” Twamjibu: haya ni jambo jema, lakini kuficha maradhi ukamdhuru mkeo asiye na kosa si haya, bali ni dhulma. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu.