Kwaheri na Buriani: Maneno ya Kuagana na Mipaka ya Maana Zake

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno mawili ya kuagana, kwaheri na buriani, kwa kuzingatia maumbo, asili na matumizi yake. Mji wa Wete, kaskazini mwa Pemba, unafaa kuwa mfano wetu kwa kuwa ni mji wa bandari. Anayetoka humo kwenda Unguja, Tanga au Mombasa huvuka bahari, na kuagana kwa wavukao bahari si jambo la mdomo tu.

2. Kuaga

Kitenzi chenyewe ni cha Kibantu. Katika Kiganda tunapata okulagaana, yaani kupatana, na endagaano, yaani mapatano. Kiswahili kimedondosha l, kama ilivyotokea katika njaa (Kiganda: enjala), tukabaki na agana na agano. Kwa hiyo agana ina maana mbili: kupeana ahadi na kupeana mkono wa safari. Uhusiano wake uko wazi, kwani waaganao huachiana neno la kutimizwa.

3. Kwaheri

Neno hili limeundwa kwa kihusishi cha Kibantu kwa na nomino heri, iliyotokana na Kiarabu khayr. Nomino hiyo imo pia katika sabalkheri na masalkheri, ambazo ni salamu za kukutana. Waarabu wanapoachana aghalabu husema maa salama. Bikhayr kwao ni jawabu la aulizwaye hali. Basi kwaheri kama neno la kuagana ni zao la Waswahili wenyewe, ingawa malighafi yake moja ni ya kigeni.

Linganisha na alamsiki, ambayo ni mkato wa dua ya Kiarabu ya kumwombea mtu afikwe na jioni kwa heri. Katika mkato huo, sehemu yenye khayr imeachwa. Kwaheri, kinyume chake, imehifadhi sehemu hiyo peke yake na kuacha kitenzi. Msikilizaji hujijazia mwenyewe: nenda kwa heri, ubaki kwa heri, turudiane kwa heri.

Yafaa kutaja pia umbo kwaherini. Kiambishi -ni hapa si cha mahali kama katika nyumbani, bali ni cha wingi wa wasemeshwao, kama katika njooni na karibuni. Hii ni dalili kwamba maneno mawili yamekwisha kuungana yakawa tamko moja. Nayo kauli kwaheri ya kuonana inadhihirisha kiini cha maana yake, yaani tumaini la kukutana tena.

4. Buriani

Neno hili huhusishwa na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuepukana na dhima au deni. Mzizi huo ndio uliozaa istilahi ya sheria ibraa, yaani kumsamehe mdeni. Lisichanganywe na burhani, yaani hoja au thibitisho. Kitenzi kinachofuatana nalo ni taka, tena katika kauli ya kutendana: watu hutakana buriani. Aendaye Hija, au mgonjwa aliyekata tamaa, huomba aachiwe makosa aliyoyatenda, naye huyaachia ya wenziwe. Kwa hiyo buriani inahitaji watu wawili walio hai.

Hapa pana mabadiliko yanayostahili kuangaliwa. Katika magazeti, buriani imekuwa kichwa cha tanzia: hutajwa jina la marehemu, akaambiwa buriani. Kisarufi hapana kosa, lakini utendano umetoweka, kwani marehemu hawezi kuomba wala kutoa msamaha. Desturi ya mazishi ya pwani inalitambua hilo. Ndiyo maana jamaa husimama kwa niaba ya maiti, wakawaomba watu radhi na kumtaka mwenye kumdai ajitokeze.

Uzito wa tofauti hii ulidhihirika tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Safari ile ilikuwa ya kawaida, na safari ya kawaida huagwa kwa kwaheri. Kwa waliofiwa, buriani ya pande mbili haikuwezekana tena. Uliobaki ni msamaha wa upande mmoja.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba kuaga ni ahadi, kwaheri ni dua, na buriani ni kuachiana dhima. Lugha hubadilika, na haitupasi kuwazuia waandishi wa tanzia. Hata hivyo, watunga kamusi na walimu hawana budi kuitaja maana ya kutendana kabla ya maana mpya. Ikisahauliwa, hatutapoteza neno, bali tutapoteza jina la tendo ambalo kwaheri haiwezi kulibeba: kusameheana wakati kusameheana kungali kunawezekana.