Ukimwona Paka kwenye Skrini ya Zahanati

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya upande wa Kieni, nikingoja kuzungumza na msimamizi. Stima ilikuwa imepotea usiku na kurudi alfajiri. Karani alikuwa akikodolea macho skrini yenye picha ya paka wa manjano na maneno ya Kiingereza ya pongezi, badala ya ukurasa wa kutafutia majina ya wagonjwa. "Shosho, tungoje kidogo, sistimu imelala," alimwambia mama mzee aliyefuata dawa zake. Shosho akamjibu, "Imelala, na mimi nimeamka saa kumi?"

Vijana wetu wanaosomea kompyuta katika Nyeri National Polytechnic, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi na kwingineko huitwa mara kwa mara kusaidia siku kama hiyo. Somo la toleo hili ni lao, lakini hata shosho ana haki ya kujua kilichomchelewesha.

Mamia ya vituo vya afya nchini hutunza rekodi za wagonjwa, hasa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, kwa programu iitwayo KenyaEMR. Hiyo imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa watafiti wa Indianapolis, Marekani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Kwa hivyo si kitu cha kigeni kabisa. Imeandikwa kwa lugha ya Java, na programu ya Java ya aina hii haijihudumii yenyewe; huhitaji seva ya kuibeba. Seva hiyo ni Tomcat. Aliyeianzisha, James Duncan Davidson, aliipa jina la paka dume kwa kuwa ni mnyama anayejitegemea, na mwaka 1999 ikakabidhiwa wakfu wa Apache. Ndipo paka alipotoka.

Sasa, ukimwona paka, usiogope. Maana yake Tomcat iko hai. Inakuonyesha ukurasa wake wa kawaida kwa sababu hukuitaja programu unayoitaka. Anwani http://localhost:8080 hufungua chochote kilicho ndani ya folda iitwayo ROOT, na Tomcat ikisakinishwa, ndani ya ROOT huwa mna paka. Ongeza /openmrs mwishoni mwa anwani, kisha ujaribu tena. Mara nyingi kazi huishia hapo. Ukitaka anwani fupi ifungue programu yako moja kwa moja, badilisha kilichomo ROOT, na ukumbuke kwamba kwenye Ubuntu herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja: root.war si ROOT.war.

Kivinjari kikisema kimekataliwa kuunganishwa, Tomcat yenyewe haijaamka, au inasikiliza poti nyingine. Angalia kama kuna programu nyingine iliyoiwahi poti ya 8080. Lakini ukipata ukurasa wa kosa la 404 unaotoka kwa Tomcat, basi seva iko macho, ila programu uliyoitaja haipo au imejaribu kuwaka ikashindwa. Fungua folda ya webapps uone kama openmrs.war imo. Ikiwemo, usiifute na kuiweka upya kwa kubahatisha. Soma kwanza faili ya catalina.out, ukianzia chini kwenda juu, utafute mstari unaosema "Caused by". Nimeona mafundi wakizima na kuwasha mashine mara tano bila kuifungua faili hiyo.

Kule Kieni, faili hiyo ilisema programu imeshindwa kuifikia MySQL, hifadhidata yenye rekodi zenyewe. Stima iliporudi, Tomcat iliwaka lakini MySQL haikuwaka. Fundi aliwasha MySQL, akaiwasha Tomcat upya, na shosho akaitwa saa tano kasoro. Kwa saa zote hizo, kadi ya karatasi yenye historia yake ilikuwa kabatini, mita mbili kutoka kwa karani. Kituo chochote kinachotegemea kompyuta kinafaa kuwa na utaratibu wa karatasi wa siku kama hiyo.

Mtego mwingine ni toleo. Kuanzia Tomcat 10, majina ya ndani ambayo programu za zamani huyategemea yalibadilishwa kutoka javax hadi jakarta. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Tomcat 9 ukiiweka kwenye 10 haitawaka, hata kama hakuna ulichokosea. Usipandishe toleo kwa sababu tu jipya limetoka.

Ila kuna skrini moja inayonitia hofu kuliko paka. Wakati mwingine OpenMRS hufunguka na kuanza kuuliza maswali ya usakinishaji, kana kwamba ni siku yake ya kwanza. Hiyo hutokea inapokosa faili yake ya mipangilio, openmrs-runtime.properties, kwa mfano Tomcat ikiwashwa kwa jina la mtumiaji mwingine na hivyo kuitafuta faili kwenye folda nyingine. Rekodi hazijapotea. Lakini anayebofya "endelea" bila kuelewa anaweza kuunda hifadhidata mpya, tupu, na kituo kizima kikaamini wagonjwa wamefutika. Acha hapo. Itafute ile faili, uhakikishe kuna nakala ya akiba ya hifadhidata, kisha umwite anayeijua kazi.

Kabla ya kuondoka, ondoa kwenye webapps vitu visivyohitajika: examples, docs, na manager kama haitumiki. Kupitia manager, mwenye neno la siri anaweza kuweka au kuondoa programu nzima kwenye seva. Faili ya tomcat-users.xml huja na mifano ya watumiaji iliyozimwa. Wapo wanaoiwasha bila kubadilisha neno la siri. Vivyo hivyo kwa akaunti ya msimamizi ya OpenMRS, ambayo neno lake la mwanzo limechapishwa wazi kwenye mwongozo. Hali ya kiafya ya jirani yako inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa zikifikiwa na asiyeruhusiwa, pakiwa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, kituo kina saa 72 tangu kijue ili kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data.