Kutega katika bao: maswali na majibu

Mtego katika bao ni nini?

Ni mpangilio wa kete unaomlazimisha au kumshawishi mpinzani ale mahali ambapo kula kwenyewe kutamfungua. Bao la Kiswahili ni vita vya mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili za mashimo manane na jeshi la kete 32. Wapiganaji wote wako wazi juani: hakuna kete iliyofichwa, hakuna bahati ya kurusha dadu, wala hakuna siri mkononi isipokuwa akiba ambayo kila mtu anajua idadi yake. Mtego wa bao kwa hiyo haufukiwi chini ya majani kama ule wa mwindaji. Umelala mbele ya macho ya anayetegwa, na kinachouficha ni hesabu tu.

Lugha yenyewe imeliona hilo zamani. Mtu akisema “Kitendawili!” hujibiwa “Tega!”, na maneno yote ya kitendawili husikika waziwazi, anayenaswa ni yule asiyeweza kuyafumbua. Mtego wa bao ni wa jamii hiyo.

Kama chambo kinaonekana, kwa nini mpinzani asikiache?

Kwa sababu katika bao kula ni lazima. Mchezaji mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kucheza vingine. Kutakasa, yaani kusambaza kete bila kula, ni kwa yule tu ambaye hana cha kula. Mitego mikali karibu yote imejengwa juu ya sheria hii moja. Anayeweka kete moja mbele ya shimo la mpinzani lenye kete hamwombi aile. Anamwamuru.

Hapa ndipo mchezaji anayeanza hukosea. Huona kete zake zikiliwa na kudhani ameshindwa kuzilinda, kumbe mwenzake naye ameburutwa hadi mahali ambapo hakutaka kwenda. Katika kipindi cha kunamua jambo hili hutokea mara nyingi, kwani kila mchezaji anaanza na kete 22 za akiba, na kila zamu anaingiza moja katika shimo la safu yake ya mbele lenye kete. Shimo linalotazamana nalo likiwa na kete, zinaliwa. Hakuna mjadala.

Chambo huwekwa wapi?

Mahali panaposifika zaidi ni mkabala wa kimbi. Kichwa ni shimo la mwisho wa safu ya mbele, kushoto au kulia, na kimbi hujumuisha kichwa hicho pamoja na shimo la jirani yake. Mchezaji anayeanza zamu kwa kula kwa shimo la katikati huchagua aanze kusambaza kete alizokula kutoka kichwa cha kushoto au cha kulia. Anayekula kwa kimbi hana uchaguzi: lazima aanzie kichwa kilicho karibu. Basi chambo cha katikati humwachia mpinzani njia mbili, na mtegaji anapaswa kuzihesabu zote; chambo cha kimbini humwachia moja tu. Kwa mchezaji ambaye bado anajizoeza kuhesabu kwa macho, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Mtego mmoja kamili unaonekanaje?

Mfano huu ni wa kipindi cha kunamua. Mashimo ya mbele ya kila mchezaji yapewe namba 1 hadi 8 kuanzia kushoto kwake mwenyewe. Kwa kuwa wachezaji wanakaa wakitazamana, mashimo yanayokabiliana namba zake zikijumlishwa hutoa 9: shimo la 2 la mmoja linatazama la 7 la mwenzake. Nyumba ya kila mmoja ni shimo lake la 5.

Mpinzani ana kete mbili katika shimo la 1, kete kadhaa katika shimo la 2, na nyumba yake ipo. Mashimo yake mengine ya mbele ni matupu. Mtegaji ana kete tatu katika shimo la 1, nyumba yenye kete zisizopungua sita, na kete katika shimo la 6. Ameacha kete moja pekee katika shimo la 7. Mashimo yake mengine ya mbele hayana kitu. Hiyo moja ndiyo chambo, na mpinzani hana cha kula kingine ubaoni.

Mpinzani ananamua shimo la 2 na kula ile kete moja. Amekula kwa kimbi, hivyo inaingia kichwani, shimo la 1, ambalo sasa lina tatu. Shimo la mtegaji linalotazama kichwa hicho ni tupu, kwa hiyo hakuna cha kula tena, lakini kete imeangukia penye wenzake na safari inaendelea. Zile tatu zinachotwa na kusambazwa: moja shimo la 2, moja la 3, moja la 4. Shimo la 4 lilikuwa tupu, basi kete zinalala na zamu imekwisha.

Kabla ya hapo mtegaji hakuwa na cha kula zaidi ya kuendeleza mapambano ya kete moja kimbini. Sasa mashimo mawili ya mpinzani yamefunguka katikati: la 3 mkabala wa shimo la 6 la mtegaji, na la 4 mkabala wa nyumba yake. Mtegaji ananamua shimo la 6, anakula kete moja na, kwa kuwa hakula kwa kimbi, anachagua kichwa cha kushoto. Kete tatu zilizokuwa hapo zinakuwa nne. Shimo la mpinzani linalokitazama kichwa hicho ni tupu, hivyo zote nne zinachotwa na kwenda mashimo ya 2, 3, 4 na 5. Ya mwisho inaingia nyumbani, na nyumba inatazama kete moja ya mpinzani iliyosambaa dakika iliyopita. Inaliwa pia, inawekwa kichwani palipobaki patupu, na kulala. Nyumba haikuguswa.

Mtegaji ametoa moja na kupokea mbili. Kwa hesabu ya kete ni faida ndogo, lakini faida yenyewe iko pengine. Ametawanya safu yake ya mbele, na kete moja imekaa shimo la 4, uso kwa uso na nyumba ya mpinzani. Mpinzani hana cha kula kingine, na kula ni lazima. Chambo cha pili kimejitega chenyewe ndani ya cha kwanza.

Je, uko mtego usiotegemea lazima?

Uko, nao hutegemea tamaa. Nyumba yenye kete sita au zaidi ina hadhi ya pekee. Katika kunamua, mchezaji ambaye amekula na kete yake ya mwisho ikaingia nyumbani bila kula zaidi anaweza kulala hapo au kusafiri, yaani kuzichota kete zote za nyumba na kuendelea kuzisambaza. Safari ya nyumba iliyonona inaweza kula mara tatu au nne mfululizo. Pia inaweza kuishia katika shimo tupu baada ya hatua chache, na mwenye nyumba akabaki amemwaga hazina yake mbele ya adui.

Mtegaji wa namna hii hupanga mashimo yake ili safari ionekane tamu katika mzunguko wa kwanza. Shimo moja au mawili yenye kete chache huachwa pale ambapo jicho la haraka hufika. Lile litakalozilaza kete huwa mbele kidogo, baada ya mzunguko ambao wengi hawaumalizi kichwani. Mtego wa tamaa ni dhaifu kuliko wa lazima, kwani mtu makini atalala nyumbani na kumwacha mtegaji na kete zilizokaa vibaya. Kwa mwenye pupa, hata hivyo, hasara yake ni kubwa kuliko ya chambo chochote.

Kutakasia ni mtego wa aina gani?

Ni kifungo. Hutokea katika kipindi cha mtaji, akiba za wote wawili zikiwa zimekwisha. Mchezaji asiye na cha kula hutakasa kwa namna ambayo mpinzani naye hana cha kula, na shimo moja tu la mpinzani linabaki katika hatari ya kuliwa zamu ijayo. Shimo hilo limetakasiwa: mwenyewe haruhusiwi kulitumia kutakasa ili kulikwepesha. Analazimika kucheza jingine huku akitazama mzigo wake ukingoja kuchukuliwa.

Sheria inamhurumia katika hali tatu tu. Shimo halitakasiwi likiwa nyumba ambayo bado ni nyumba, likiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, au likiwa ndilo pekee la mbele lenye zaidi ya kete moja. Kati ya mitego yote ya bao huu ndio ulio bora, kwa sababu hauhitaji kafara. Mtegaji hatoi hata kete moja; anatumia utulivu wa zamu yake kumfunga mwenzake.

Mtego humrudia mtegaji lini?

Mara nyingi, na kwa sababu mbili. Kwanza, lazima ya kula inambana yeye pia. Anaweza kuwa amepanga vizuri zamu ya tatu, halafu mpinzani akamwekea kete moja anayolazimika kuila kwanza, na mpangilio wote ukavurugika. Pili, mpinzani mwenye nafasi mbili za kula huchagua apendayo. Mtego wenye mlango wa nyuma si mtego. Kabla ya kuweka chambo ni lazima kuhakikisha kwamba hakuna shimo jingine linaloweza kula, au kwamba kila njia inaishia pabaya. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na katika bao asiyekuwamo huwa ni mtegaji mwenyewe.

Katika mtaji kuna jambo la kuongezea: shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha mchezo wa kula. Wapo wanaolimbikiza kete katika shimo moja kama silaha ya mtego wao, wakagundua siku ya kufyatua kwamba silaha hiyo imekwisha kuwa nzito kupita kiasi.

Mchezaji wa Kumsenga azingatie nini?

Kumsenga iko Wilaya ya Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, upande wa mpaka wa Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na ng'ambo ya mpaka kuna michezo ya jamii moja na bao: Warundi wana ikibuguzo na Wanyarwanda wana igisoro. Kibaraza kimoja cha Kibondo au Kasulu kinaweza kukutanisha watu waliojifunza kwa kanuni tofauti, na mtego ni kitu cha kwanza kuharibika kanuni zikitofautiana.

Tofauti kubwa hujulikana vizuri kupitia omweso wa Uganda. Huko, shimo la mbele na la nyuma yake huliwa kwa pamoja, yote mawili yakiwa na kete. Katika bao la Kiswahili safu ya nyuma hailiwi kamwe, na ndiyo ghala salama la kuandalia mashambulizi. Mtego uliojificha katika safu ya nyuma ni werevu kwa kanuni moja na ni zawadi kwa kanuni nyingine. Kwa hiyo ni vema wachezaji wapatane kabla ya kete ya kwanza. Kukosekana kwa ubao si kikwazo: mashimo 32 huchimbika ardhini, na mbali na pwani, palipo na komwe chache, kokoto au mbegu ngumu zinatosha.

Mtego huu unatofautianaje na ule wa michezo ya hadithi za kubuni?

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulieneza mtego wa aina nyingine: shimo lililofunikwa au mshale ukutani, vilivyopangwa na msimamizi wa mchezo. Mtego huo ukiwa umefichika kabisa humuumiza mchezaji bila kumpa la kuamua. Ukiwekwa wazi katikati ya pambano, pande zote mbili zikiujua, huanza kufanana na bao: kila hatua inakuwa swali la nani atamsukuma nani aingie. Kwa watungaji wa mapambano ya namna hiyo, bao ni mwalimu mzuri kuliko wanavyodhani.

Mtu ajifunze kutega kwa njia gani?

Aanze na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na mchezo huanza moja kwa moja kwa mtaji, bila nyumba wala akiba. Hapo atazoea kufuata kete kwa macho hadi zinapolala, kwanza mchezo mmoja, kisha na jibu la mpinzani. Umahiri wa namna hii ndio aliouchunguza Mholanzi Alex de Voogt miongoni mwa mabingwa wa Zanzibar, katika utafiti uliotoka Leiden mwaka 1995.

Baada ya hapo abadili anachokihesabu. Bao haliishi kwa wingi wa kete. Huisha safu ya mbele ya mmoja ikiwa tupu, au akiwa hana hatua halali ya kucheza, hata kama safu yake ya nyuma imejaa. Kwa hiyo mtegaji aliyekomaa hatoi chambo ili ale kete nyingi. Hukitoa ili kete za mpinzani zikimbilie nyuma, shimo baada ya shimo, mpaka mbele pawe hamna.