Kifaranga Anayeyumba: Tambua Chanzo Kabla ya Kutibu



Katika kaya nyingi za Tarime na Serengeti, kuku ndiye huuzwa ada ya shule inapodaiwa au mgonjwa anapohitaji dawa. Hasara mara nyingi huanza mapema, pale kifaranga anapoyumba, anapokalia vifundo vya miguu au anapopinda shingo. Wapo wanaomtupa papo hapo, na wapo wanaomwacha kundini wakitumaini atapona. Kabla ya kuamua, yafaa kutambua chanzo.

Chanzo cha kwanza ni sakafu. Kifaranga mchanga akisimama juu ya gazeti au nailoni, miguu huteleza na kutanuka. Tandika maranda makavu au maganda ya mpunga, kina cha sentimita 5. Aliyekwisha kutanuka afungwe miguu kwa utepe laini wa kitambaa, kwa nafasi ya kawaida ya kusimama, na akaguliwe kila siku. Akihudumiwa katika siku za mwanzo, aghalabu hunyooka baada ya siku chache.

Chanzo cha pili ni lishe. Vifaranga wanaolishwa pumba za mahindi pekee hukosa vitamini na madini. Upungufu wa vitamini B2 hukunja vidole kuelekea ndani. Upungufu wa vitamini E, ambao huweza kuletwa na chakula kilichokaa hadi mafuta yake yakachacha, humwangusha kifaranga na kukirudisha kichwa chake nyuma. Upungufu wa vitamini D, kalisi au fosforasi huleta matege. Wape chakula cha vifaranga, mchicha uliokatwakatwa, dagaa wakavu wasio na ukungu wala mchanga, na jua la asubuhi. Vitamini za kuchanganya katika maji zitolewe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Usiwape chakula cha kuku wanaotaga, kwani kalisi yake nyingi hudhuru figo zao. Usichelewe: neva zikiisha kuharibika, vidole havinyooki tena.

Chanzo cha tatu ni maradhi. Mdondo hupinda shingo na kupoozesha miguu, na huweza kuambatana na kuhara kijani, kupumua kwa shida na vifo vingi. Hauna tiba, kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Unaponunua vifaranga kituoni, uliza pia kama walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa Mareki siku ya kwanza, kwa sababu ugonjwa huo nao hupoozesha miguu.

Ili kutofautisha, hesabu wagonjwa na utazame kinyesi. Mmoja au wawili wachangamfu wanaokula vizuri: anza na sakafu. Kadhaa wanaolishwa chakula kilekile, bila kuhara: kagua chakula. Wengi kwa ghafla, pamoja na vifo: ni dharura.

Katika hali zote, mtenge mgonjwa mahali pakavu penye joto, maji na chakula vikiwa karibu na mdomo wake. Juma la kwanza kifaranga huhitaji nyuzi joto 32 hadi 35, jambo la kuzingatiwa zaidi katika nyanda za juu za Tarime zenye baridi.

Inapokuwa dharura, usiuze wala kugawa kuku hata mmoja. Fukia mizoga shimo refu na umwarifu afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Kuku mgonjwa anayepelekwa mnadani huweza kumaliza banda la jirani.